Heri ya Krismasi kutoka Mbeya, njooni ila semeni mko wangapi

Ndugu zangu mlioko Dar, Dodoma, Mwanza na kwingineko, heri ya Krismasi na mwaka mpya! Wa Iringa kamwene, wa Tukuyu ndaga fijo. Huku mvua zimeshaanza, mahindi yameota, kila mtu anahangaika na mbolea. Bebeni masweta, msije mkaanza kulia baridi hapa Uyole.

Sasa mnivumilie kidogo niongelee wali, maana sikukuu bila wali kwetu sio sikukuu. Mkija na basi mtakutana na mto Ruaha Mkuu pale Ruaha Mbuyuni kabla ya Kitonga, mtanunua vitunguu dirishani mtapitiliza. Ila mkishafika Igawa angalieni mkono wa kulia mpaka Chimala na Igurusi, lile bonde la Usangu ndo linaukusanyia maji mto uleule, na ndo mchele wetu unatoka humo. Yaani maji hayohayo yanalimia mpunga Mbarali, yanaingia ardhioevu ya Ihefu, yanapita hifadhi ya Ruaha, yanajaza bwawa la Mtera, halafu yanashuka Kidatu kuzungusha mitambo ya megawati 204, na bado tunashangaa umeme ukikatika. Tangu 1993 mto unakauka ndani ya hifadhi karibu kila kiangazi, viboko wanabaki wanabanana kwenye madimbwi.

Lawama huwa tunawatupia wafugaji, ni rahisi. Mwaka 2006 wakahamishwa na ng'ombe zao, na mto ukaendelea kukauka. Mimi naangalia mifereji: mpunga umeshavunwa, shambani hakuna kitu, lakini banio, lile lango la kuingizia maji mferejini, limeachwa wazi maji yanamwagika tu huko majarubani na kiangazi chote kule chini wanayasubiri. Kufunga banio hakuhitaji mfadhili jamani.

Na sisi walaji tumo. Kilo moja ya mpunga kwa wastani wa dunia inakunywa kama lita 2,500, piga hesabu, ndoo 125 za lita 20, halafu Krismasi tunainjika sufuria la kushindana na jirani na kesho yake nusu iko jalalani imechacha. Najua mama zetu hawataki mgeni akute sufuria tupu, ni aibu, na mimi sisemi tupike kidogo kwa ubahili. Nasema tuinjike mara mbili, wakija wengi tunaongeza, watoto wapakuliwe kidogo waombe tena, kinachobaki kiende kwa jirani usiku uleule kikiwa bado kizuri, kiporo tunywee chai asubuhi, makombo wale nguruwe. Bibi zetu walifanya hivyo bila semina.

Kingine haraka, mnaokuja kuangalia mashamba ya parachichi na mikaratusi, msipande mpaka kwenye chemchemi, sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hata isingesema, chemchemi ni ya kuachwa, kijiji kizima kinachota hapo.

Haya, kila mji uandike kwenye grupu idadi ya watu kabla ya tarehe 23 tujue tunapima mchele kiasi gani, na mje na vyombo vyenye mfuniko vya kubebea. Na yule anayeandika "nakuja mwenyewe" halafu anashuka stendi na watu sita, tunamjua.