Shangazi, kabla hujameza hicho walichokutumia kwenye grupu

Shangazi shikamoo,

Nakuandikia hapa mbele za watu makusudi, maana inbox utanijibu "haya mwanangu nimesikia" halafu unaendelea na yako, nakujua. Na najua siyo wewe peke yako, kuna mashangazi wengi huko wako kwenye kemo (dawa za hospitali za kuua kansa) saa hizi na simu zao zimejaa fowadi kama yako. Tangu umeanza matibabu kila anayeamka kwenye grupu la ukoo ana mbegu yake, ana majani yake, ana poda ya "kuondoa asidi mwilini" (hiyo asidi ya damu inasimamiwa na mapafu na figo saa 24, poda haina la kuibadilisha, ila endeleeni).

Mimi sina ugomvi na kitu kinachokupa nafuu kabisa. Kuna mambo ya pembeni mengi tu, hayaui kansa, na bado yanamfanya mtu aishi na kansa akiwa na hali ya kibinadamu, na madokta wa kansa wenyewe siku hizi wameyaandika kwenye miongozo yao. Swali langu kwa kila wanachokuletea ni hilo tu, hiki kinafanya kazi gani? Akikuambia kinapunguza kichefuchefu, kinaleta usingizi, kinatuliza roho, sawa, tukae tuongee. Akikuambia kinayeyusha uvimbe na hospitali acha kwenda, hapo shangazi kata simu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walitoa kazi yao 2018, walilinganisha watu wenye kansa ambayo bado inatibika, walioacha hospitali wakachagua tiba mbadala peke yake hatari yao ya kufa ilikuwa kama mara 2.5 ya wenzao waliotibiwa kawaida, na kwa kansa ya matiti ilizidi mara 5. Kwa hiyo kuongezea ni jambo moja, kubadilisha ni jambo lingine kabisa.

Sasa huo uchovu wako. Unasema unalala mchana kutwa unaamka umechoka vilevile, basi hiyo ndo sura yake, uchovu wa kansa na kemo haumalizwi na kulala. Na hapa ndo watu wanaokupenda wanakuharibia, wanakunyang'anya hata kikombe mkononi, "kaa mama pumzika". Dawa yenye ushahidi mkubwa kwa uchovu huu ni kujongea. Wataalamu wa mazoezi na wa kansa walikutanishwa 2018 na American College of Sports Medicine, chama cha Marekani cha tiba ya michezo, mapendekezo yakatoka 2019, wakasema kama dakika 30 za kutembea au zoezi lingine la kupandisha mapigo ya moyo mara 3 kwa wiki, na mara 2 zoezi la kujenga misuli. Najua ukisoma dakika 30 unataka kunirushia kandambili. Anza na 5. Inuka kwenye kiti bila kushika mikono ya kiti, kaa, inuka tena, hilo nalo ni zoezi la misuli, siku mbaya fanya hilo tu. Ila kama kansa imefika kwenye mifupa, au miguu ina ganzi husikii sakafu vizuri, muulize dokta kwanza zoezi gani linakufaa, usije ukaanguka halafu mimi ndo nilaumiwe.

Kichefuchefu: kuna sehemu kwenye mkono wanaiita P6. Geuza kiganja juu, laza vidole vitatu vya mkono wa pili pale kwenye mikunjo ya kifundo, pale vinapoishia kuelekea kwenye kiwiko utasikia kano mbili, katikati yao ndo penyewe, bonyeza na dole gumba imara lakini bila kujiumiza, dakika mbili tatu huku unapumua taratibu, halafu hamia mkono wa pili. Baadhi ya watu inawapa nafuu, wengine hawasikii kitu, na haina gharama yoyote. Lakini zile tembe za kuzuia kutapika walizokupa, ondansetroni na wenzake, unazimeza kwa saa zake hata kama hujisikii vibaya, maana kutapika kukishaanza kukusimamisha ni kazi. Ukiziacha ukabaki na dole gumba utatapika tu. Akupancha, yaani kuchomwa sindano nyembamba kwenye sehemu kama hizo, inapendekezwa pia kwa maumivu ya aina fulani, ila dokta aangalie damu kwanza, kama chembe za kugandisha damu zimeshuka au kinga iko chini huchomwi sindano na mtu yeyote wa pembeni.

Masaji nayo umeniuliza, kwamba umeambiwa inasambaza kansa. Hakuna ushahidi kwamba masaji laini inasambaza kansa. Wanachokwepa ni kukandamiza pale penye uvimbe, ngozi iliyopigwa mionzi, mfupa ulioshambuliwa, na mkono ambao tezi za kwapani zimetolewa usiguswe bila anayejua kazi hiyo. Chembe za kugandisha damu zikiwa chini ni mguso mwepesi tu. Na mguu mmoja ukivimba, una joto, unauma, usimpe mtu akuchue, hilo linaweza kuwa damu iliyoganda, hapo ni hospitali. Lakini binti yako akikushika vidole vya mkono usio na dripu akavipaka mafuta yasiyo na harufu kali, kimoja kimoja, huku mnasubiri ile mifuko iishe, mwache. Lile saa refu pale kwenye kiti linapita vingine.

Halafu hili linaniudhi kuliko yote. Hii "usiwe na stresi, stresi itakuua", "fikiria mazuri utapona". Mtu ana kansa, nywele zimetoka, kinywa kina vidonda, halafu juu yake mnampa na kazi ya kutabasamu? Utafiti wa 2007 kwa wagonjwa zaidi ya 1,000 wa kansa ya kichwa na shingo ulikuta hali ya moyo wa mtu haikutabiri nani ataishi muda mrefu. Shangazi, ukilia uvimbe haukui. Ukikasirika haukui. Lia. Kutuliza akili kuna maana yake kwa sababu usiku mrefu na mawazo yanachosha, basi, siyo kwa sababu unapigana na kansa kwa tabasamu. Miongozo ya 2023 ya madokta wa kansa Marekani imeyakubali mazoezi ya kutuliza akili kwa wasiwasi na huzuni, na yoga, na muziki. Na kama dua ndo inakutuliza, dua. Kama huzuni haikuachii wiki na wiki, sema kliniki, kuna watu wamesomea hiyo.

Turudi kwenye vya kumeza, hapo ndo sina utani. "Ni asili haina madhara" siyo hoja. Mmea unaoitwa St John's wort, unauzwa kama dawa ya huzuni, unaifanya irinotekani, dawa mojawapo ya kemo, iishe nguvu mwilini haraka, yaani unapigwa kemo kwa jina tu. Balungi linafanya kinyume, baadhi ya vidonge vya kansa vinabaki mwilini vingi kupita kiasi. Vidonge vya vitamini vya dozi kubwa wakati wa mionzi, madokta wengi wanavikataa. Na zile kokwa za aprikoti za kwenye video, dawa inayotokana nazo, laetrile, ilipewa wagonjwa 178 Marekani kwenye majaribio yaliyochapishwa 1982, haikumponya hata mmoja na baadhi wakaonyesha dalili za sumu ya sayanaidi.

Kwa hiyo kliniki ijayo beba vyote kwenye mfuko, makopo, poda, majani, na uweke mezani, useme unakunywa kiasi gani na saa ngapi. Dokta akinuna anune, akikufokea mwombe mfamasia. Wao wanapanga dozi kwa kuangalia ini na figo zako, wasipojua unachokunywa nyumbani vipimo vikibadilika watailaumu kemo na kukupunguzia bure.

Na yule aliyekuandikia majani ya kujifukiza ukipata homa, mwambie nimekataa mimi. Ukiwa kwenye kemo kipimajoto kikisoma 38, au unatetemeka baridi hata kama hakijafika, unapigia hospitali muda huohuo, hata iwe saa nane usiku. Namba ya wodi nimeshaisevu kwenye simu yako, iko juu kabisa, nimeandika HOMA.