Shukrani kwa dada wa Bukavu tuliyekutana Ouistreham

Dada, jina lako hatukuliuliza, na ulipoaga ulikuwa unakimbilia basi. Natumaini maneno haya yatakufikia.

Mimi ndiye niliyekuwa na baba mkwe, yule mzee wa Tanga mwenye mkongojo, pale kwenye ngome ya Wajerumani ya Vita vya Pili vya Dunia iliyofanywa makumbusho, Normandy, Ufaransa. Mnara wa zege wa mita 17, ghorofa tano, na ngazi zake si za magoti ya wazee! Nilishakata tamaa, nikamwambia tuishie chini. Ukatusikia, ukasema, "Baba, shikilia huku, tupande polepole."

Ukampandisha hadi juu, kwenye chombo cha kupimia umbali, Wajerumani walikokuwa wakiitazama bahari na kuelekeza mizinga. Kila bango ukamsomea kwa Kiswahili. Kisa cha Bob Orrell ndicho kilichomkolea: askari Mwingereza na wenzake watatu, 9 Juni 1944, siku tatu baada ya wenzao kutua ufukweni, wanahangaika saa kadhaa kuulipua mlango wa chuma, kisha Wajerumani zaidi ya 50 wanatoka mikono juu. Mzee alicheka mpaka akakaa. "Wanne tu?" Nawe ukamsimulia tena bila kuchoka.

Kifaransa changu ni cha sokoni. Peke yangu ningemwonyesha kuta tu.

Aksanti sana, dada, kama msemavyo kwenu. Mzee anakusalimu, na kila mgeni anayefika nyumbani anasimuliwa habari za mlango ule.