Barua kwa Mwanangu: Niachie Nijaribu

Mwanangu mpendwa,

Nimeamua kukuandikia kwa sababu nikilianza jambo hili kwa mdomo unanikatiza: "Baba, wewe pumzika tu." Safari hii nisome mpaka mwisho.

Tangu nitoke hospitali umenihudumia kwa moyo wote. Unanipimia chakula, unanihesabia vidonge, unanishika mkono hata nikienda msalani. Mungu akulipe. Lakini ipo huduma ninayoihitaji kuliko zote hizo: niachie nifanye mwenyewe yale ninayoyaweza, hata kama nitayafanya polepole na wewe roho iko juu.

Unajua kwa sababu ya saratani nimetolewa tumbo lote, yaani mfuko wa chakula, na umio, ile njia ya chakula itokayo kooni, ukaunganishwa na utumbo mwembamba. Tumbo ndilo lililokuwa likipokea chakula na kukiachia kidogokidogo. Sasa kazi hiyo ya kupima ni yangu. Inanibidi nitafune mpaka chakula kilainike kabisa, tena nile milo midogo sita au zaidi kwa siku. Nikila kwa pupa, nikichanganya chakula na maji mengi, au nikila vitamu kupita kiasi, chakula kinaporomokea utumboni kwa mkupuo. Ndani ya nusu saa moyo unakwenda mbio, jasho linanitoka, utumbo unasokota. Mara nyingine hali hiyo huja baadaye, saa moja hadi tatu baada ya kula, kwa kuwa sukari ya damu imepanda ghafla kisha ikashuka mno. Wewe ukiona hivyo unadhani nakata roho. Mimi nimeshaanza kuzijua dalili zinavyonijia, na kila zikija najiuliza nilikula nini na kwa haraka gani. Hakuna anayeweza kujifunza hilo kwa niaba yangu.

Muuguzi mmoja wa wodini alinieleza kitu ambacho nimekikumbatia. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika kwamba mtu hujaribu jambo, na hulivumilia likiwa gumu, kwa kadiri anavyoamini kwamba analiweza. Na imani hiyo hukua zaidi ya yote kwa kulitenda jambo lenyewe na kufaulu, hata kama ni dogo. Ndiyo maana hawakuniacha nilale tu baada ya upasuaji. Waliniinua mapema, mirija ikiwa bado inaning'inia, kwa sababu kutembea husaidia mapafu, huamsha matumbo na hupunguza hatari ya damu kuganda miguuni. Mimi nilipata na faida nyingine: nilifika mlangoni kwa miguu yangu, na tangu hapo nikawa naiwaza korido.

Yule mzee wa kliniki aliyefanyiwa upasuaji kama wangu miaka iliyopita, tukikutana naye usiniharakishe kuondoka. Amekonda, ndiyo, lakini anafanya kazi zake. Madaktari wananieleza vizuri, ila yeye nikimtazama naona jambo linawezekana.

Na maneno yako yana uzito mkubwa kuliko unavyofikiri. Ukisema "utapona tu, baba" nashukuru. Ukisema "leo umekula taratibu na hukusikia kichefuchefu" napata nguvu za kweli, kwa maana umetaja kitu nilichokifanya. Nikishindwa siku moja, usiniondolee kazi hiyo. Tupunguze kipimo, nijaribu tena kesho.

Sisemi kwamba kujiamini kunatibu saratani. Hakutibu, na usimruhusu mtu yeyote akudanganye hivyo. Kuna dalili ambazo ukiziona usisubiri ruhusa yangu: homa, mshono kutoa usaha, kutapika kusikokoma, kutapika damu, kinyesi cheusi kama lami, kushindwa kumeza. Nipeleke hospitali mara moja, ubishi wangu nitaumalizia njiani. Lakini uchovu na kupungua uzito miezi hii ya mwanzo tulishaambiwa vitakuja. Tuviripoti, tusivigeuze msiba, maana nikiuona uso wako umejaa hofu na mimi naanza kuuogopa mwili wangu.

Vitamini B12 nitahitaji maisha yangu yote, kwa kuwa tumbo ndilo lililotengeneza kitu kinachouwezesha mwili kuifyonza kutoka kwenye chakula. Akiba iliyopo kwenye ini huisha polepole, kwa hiyo mtu anaweza kujiona mzima huku anapungukiwa. Tarehe za sindano nimeziandika kwenye daftari langu. Nitazifuatilia mimi. Wewe unaruhusiwa kuuliza, si kunikumbusha kila asubuhi.

Kliniki ijayo tutakwenda pamoja kama kawaida. Daktari akiuliza nakulaje, niache nijibu. Nina maswali yangu matatu: nianze lini kunyanyua vitu vizito, uzito wangu usishuke chini ya kiasi gani, na kile kizunguzungu cha baada ya kula nikipunguzeje. Wewe kaa pembeni yangu uandike majibu, kwa maana mwandiko wako unasomeka.

Baba yako akupendaye