Malalamiko kuhusu nakala rudufu ambazo hazikuwepo

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KUPOTEA KWA DATA ZETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Diski za seva tuliyokodi kwenu zilipokufa mwezi uliopita, tuliomba mturudishie data kutoka kwenye nakala rudufu tunazolipia. Fundi wenu akajibu kwa ufupi kwamba snapshoti zote za kila saa, yaani picha za hali ya data ilivyokuwa saa hiyo, zilikuwa kwenye diski zilezile.

Snapshoti ya ZFS, mfumo wa kuhifadhi faili unaotumika kwenye seva hiyo, hainakili faili kwenda popote. Inazuia tu vipande vya zamani visifutwe faili inapobadilishwa, ndiyo maana huchukuliwa papo hapo na mwanzoni haili nafasi. Ni kitu kizuri, na mhasibu akifuta jedwali kwa bahati mbaya tunalirudisha bila kuwasumbua. Lakini diski zikifa, nayo imekwenda. Kututoza ada ya nakala rudufu kwa hilo ni kutuuzia kivuli kwa bei ya mti.

Mtasema mkataba unataja pia kutuma mabadiliko kila usiku kwenye seva ya mbali. Hapo ndipo mlipotuudhi zaidi. Ili mabadiliko peke yake yatumwe, lazima pande zote mbili ziwe na snapshoti moja ya pamoja ya kuanzia. Mwezi Machi mtandao ulikatika katikati ya kutuma, na programu yenu ya kusafisha ikaifuta ile ya msingi kwenye seva yetu kabla mpya haijafika upande wa pili. Tangu usiku huo, logi tuliyopewa na fundi inarudia mstari uleule: snapshoti ya msingi haipo. Ukurasa wetu wa mteja, wakati wote huo, ulionyesha alama ya kijani! Kuifunga snapshoti isifutike ni amri moja tu. Hata bukumaki, alama ndogo inayobaki kwenye seva inayotuma hata snapshoti yenyewe ikifutwa, ingetosha kwa upande wetu.

Tumebaki na data za Machi. Ankara za baada ya hapo tunaziandika upya, moja moja, kutoka kwenye barua pepe.

Tunadai mturejeshee ada yote ya huduma hiyo tangu Machi, na mtueleze kwa maandishi taarifa za kufeli zilikuwa zinamfikia nani. Kisha mrejeshe data kwenye seva tupu, sisi tukiwa tunaangalia. Hadi hapo hatutalipa ankara inayofuata.

Wenu,
Msimamizi wa Mifumo