YAH: MALALAMIKO YA KUPIGWA LIPU MCHORO WANGU WA ZEGE

Kwa Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ukuta wa mapokezi niliouchonga mliupokea kwa sahihi. Mkataba mnao, na kipengele cha matunzo mnakijua kuliko mimi. Naomba basi, kwa heshima zote, nielezwe ni nani aliyeamuru kazi yangu ipigwe lipu.

Jumatatu asubuhi nilimkuta fundi juu ya jukwaa, mwiko mkononi, anajaza saruji kwenye mistari yangu. Msimamizi wenu akaniambia, "Dada, tumekuzibia nyufa."

Nyufa! Mchoraji Mfaransa Claude Monet alichora uso wa kanisa kuu la Rouen, Ufaransa, mara 30 hivi, kuanzia 1892 hadi 1894. Jiwe lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni mwanga, na ndio alioufukuzia. Mimi sikutia rangi hata tone. Nilichonga zege kwa grenda na patasi, mfereji huu milimita 2, ule 12, ili jua la dirisha la mashariki likipita ubavuni, vivuli vifanye kazi ya rangi: asubuhi matao ya mlango yanajitokeza, mchana yanafifia. Ukijaza mfereji umeua kivuli, na picha ni hicho kivuli.

Tena mwezi uliotangulia mlishaweka taa inayomulika ukuta usoni, nayo inafuta vivuli. Niliandika. Hamkujibu.

Narudia ya Jumatatu, maana hayanitoki. Nilimwomba fundi aache. Akaacha, kijana wa watu, akamtazama msimamizi. Msimamizi, wageni wamekaa pale pale, akasema: "Malizia." Upande wote wa kushoto ukamalizwa mbele ya macho yangu. Miezi mitano ya mikono yangu!

Nilidhamiria kuomba lipu ibanduliwe tu, mimi nikiwepo. Lakini mfereji wa milimita 2 hautabanduliwa lipu ukabaki mzima. Kwa hiyo nadai malipo yaliyobaki, gharama ya kuchonga upya upande wa kushoto, taa iondolewe, na barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako wewe, si ya msimamizi. Nawapa siku 14. Zikipita, wakili wangu atakwenda mahakamani kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayompa msanii haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa, na jina langu mtalifuta ukutani.

Mpaka hapo, upande wa kulia asiuguse mtu.

Wako,
Mchongaji wa ukuta wa mapokezi