Dadaab ilianzia Addis Ababa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kambi za wakimbizi wa Kisomali za Dadaab, hapa Kenya, inaanza mwaka 1991, Rais Siad Barre wa Somalia alipotoroka Mogadishu. Sikubaliani nayo. Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Moyale, mji uliokatwa vipande viwili na mpaka wa Kenya na Ethiopia. Kwetu mambo haya yalianza Septemba 12, 1974, siku wanajeshi wa Derg, kamati ya kijeshi iliyotwaa madaraka Ethiopia, walipomtoa Mfalme Haile Selassie ikulu na kumpakia kwenye Volkswagen ndogo.

Simlilii mfalme. Watu wa Wollo, kaskazini mwa Ethiopia, walikufa njaa huku serikali yake ikificha, na kule kusini wakulima walilimia mabwana kwenye ardhi ya babu zao. Derg ilipotaifisha ardhi mwaka 1975 wengi walishangilia, na walikuwa na haki.

Lakini kiti alichokalia mtu mmoja tangu 1930 kilipinduliwa bila kuandaliwa mrithi. Novemba 1974 wakauawa watu wapatao 60, wakiwemo mawaziri wakuu wawili wa zamani. Maofisa wakageukiana. Vita vya Eritrea, iliyotaka kujitenga, vikapamba moto. Siad Barre alipoona jeshi la jirani linajimaliza lenyewe, akajua saa ya kuichukua Ogaden, eneo la Wasomali ndani ya Ethiopia, imefika. Julai 1977 jeshi lake likavuka mpaka, na Septemba likauteka mji wa Jijiga. Kumbe Wasovieti waliompa silaha miaka yote wangehamia kwa Mengistu, kiongozi wa Derg! Wakaja na maelfu ya askari wa Cuba, na kufikia Machi 1978 Wasomali walikuwa wamerudishwa walikotoka.

Hapo ndipo Somalia ilipopasuka, na hapo ndipo makala yenu ilipaswa kutua. Mwezi uliofuata maofisa wa Siad Barre walijaribu kumpindua. Waliosalimika wakakimbilia Ethiopia, na Mengistu akawapa waasi wa Kisomali makazi na silaha. Mwaka 1988 ndege za Siad Barre zikaipiga mabomu Hargeisa, mji wa nchi yake mwenyewe. Ya 1991 yalikuwa matokeo tu.

Mei mwaka huo Mengistu naye akakimbilia Zimbabwe, na Moyale tukawaona askari wake wakivuka kwa makundi. Mmoja alisimama mlangoni kwetu, viatu vya jeshi mkononi, akiomba kuvibadilisha kwa unga. Mke wangu alimpimia unga na viatu akamwachia. Wenzake wengi waliishia kambi ya wakimbizi ya Walda, upande wetu wa Kenya, ambayo siku hizi hata gazeti lenu haliitaji.

Kama kuna sehemu ya pili, tafadhali tumeni mwandishi huku. Awaulize wazee kwa nini Kenyatta, na baada yake Moi, walishikilia mkataba wa ulinzi na Addis Ababa, awe anatawala mfalme au Mengistu mkomunisti. Wazee wa mpakani wanalijua jibu, maana hofu ya kumegewa kaskazini yetu na Somalia waliishi nayo.

Mwalimu mstaafu,
Moyale