Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: Mto Zigi upimwe ukiwa umejaa

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mkazi wa Tanga, na maji ninayokunywa hutoka Mto Zigi, unaoteremka kutoka milima ya Usambara Mashariki hadi bwawa la Mabayani. Ninakuomba kwa heshima jambo moja: masika yajayo, tope la mto huu lipimwe usiku na mchana kila unapojaa, kabla ya hesabu yoyote ya kompyuta kutumiwa kuamua mustakabali wa bwawa letu.

Masika yaliyopita nilichota maji ya Zigi katika chupa mbili za lita moja, moja siku ya ukavu, nyingine saa chache baada ya mvua kubwa kunyesha milimani. Ya kwanza ilibakiza utando mwembamba tu. Ya pili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kulipokucha palikuwa na tope chini lenye unene wa sarafu, mchanga umetangulia kutua na udongo laini juu yake, huku maji yenyewe yakiwa bado hayajatakata.

Wataalamu wengi hutumia modeli ya SWAT, programu ya kompyuta ya kukadiria maji na udongo unaobebwa na mto, iliyobuniwa Marekani, ambayo huligawa bonde la mto katika vipande kufuatana na udongo, mteremko na matumizi ya ardhi, kisha hukadiria mmomonyoko kwa kanuni ya mwaka 1975 inayotegemea wingi wa maji yanayotiririka na kilele cha mtiririko wake. Ni chombo kizuri, nami sikipingi. Lakini ni lazima kirekebishwe kwa vipimo vya mto wenyewe, na mito ya milimani husafirisha sehemu kubwa ya tope la mwaka mzima katika siku chache za mafuriko. Sampuli zikichukuliwa asubuhi tulivu, wakati barabara inapitika, modeli itafundishwa mto ambao haupo.

Kosa hilo halitaishia kwenye tope. Fosforasi ya mbolea hushikamana na udongo laini, na vivyo hivyo zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo kukamatia dhahabu, kwa hiyo anayekosea kukadiria udongo amekosea kukadiria na sumu. Hata ukanda wa hifadhi wa mita 60 kando ya mto, uliowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, hatuwezi kujua unazuia tope kiasi gani kwenye miteremko mikali ya mashamba ya iliki na mahindi, ikiwa hatuna takwimu za siku ambazo udongo unahama kwelikweli.

Kinachohitajika si kikubwa: kifaa cha kupima uchafu wa maji kinachojiendesha chenyewe, kifungwe juu ya bwawa, pamoja na vijana wa vijiji vya jirani waliofunzwa na kulipwa kuchota sampuli kila saa mto unapopanda. Masika huanza Machi. Ninaomba maandalizi yakamilike Februari.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Tanga